Ratiba ya Saa Nane

"Basi andika chupa ilivunjika njiani," Joachim alisema. "Mambo kama hayo hutokea."

"Chupa haikuvunjika. Hiyo hapo mezani, karibu na sukari."

"Mama, nakuomba."

"Umeshaniomba mara tatu. Kunywa chai, inapoa."

Hakunywa. Alisimama mlangoni mwa jiko langu, hapa Ipogolo, amevaa koti la kaki lenye kalamu mbili mfukoni. Vumbi la Igawa lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa amelala Makambako, akaondoka alfajiri na Land Rover ya idara, akaingia kwangu bila hodi kabla sijafunga viatu. Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa sita, na mimi kuchelewa sipendi.

Chupa yenyewe, aliyotumwa na idara aniletee, ilikuwa ya soda, imezibwa kwa gazeti na nta. Ndani yake kulikuwa na maji meupe ya josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Yalitoka kwenye josho moja la Usangu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu pale Igawa. Jumanne ya wiki ile walikufa hapo ng'ombe ishirini na watatu kwa alasiri moja.

Mimi ni mpimaji katika maabara ya mifugo. Nina diploma ya miaka miwili na kazi ya miaka kumi na minne. Josho lolote likitiliwa mashaka, Iringa au Mbeya, chupa inakuja kwangu. Napima dawa iliyomo, naandika namba, naweka sahihi. Mwanangu ana shahada ya chuo kikuu. Tangu Machi yeye ndiye msimamizi wa majosho yote ya wilaya yao, na chini yake kuna watu kumi na mmoja wenye diploma kama yangu.

"Sikuombi uongo mkubwa," alisema. "Ukiandika dawa ilizidi, basi. Wakati mwingine huzidi."

"Na aliyechanganya dawa ni nani?"

Akaangalia chai.

"Ni nani, Joachim?"

"Kashindye. Unajua ni Kashindye."

Nilijua. Kashindye ni mhudumu wa josho lile. Sijawahi kumwona kwa macho, ila chupa zake nimezipokea miaka sita. Kila moja ina karatasi iliyobandikwa kwa uji wa unga, na mwandiko wa mtu wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa zinazoegemeana: tarehe, kina cha maji, idadi ya ng'ombe. Sikumbuki chupa yake hata moja iliyonipa shida. Sasa alikuwa mahabusu tangu Jumatano. Kulikuwa na watu wanaosema hujuma, na neno hilo mwaka ule lilikuwa halisemwi kwa mchezo. Jumatatu kikao kingekaa Mbeya kuamua kama apelekwe mahakamani au aachwe. Karatasi waliyokuwa wanaisubiri ilikuwa yangu.

"Ana watoto wangapi?" niliuliza.

"Sijui."

"Unamsimamia tangu Machi."

"Mama, ninasimamia majosho kumi na saba! Nitajua watoto wa kila mtu?" Akavuta kiti, akakaa, kisha akasimama tena. "Sikiliza kwanza. Usinijibu, sikiliza. Kashindye akifukuzwa atarudi kwake, atalima, atachunga. Ana ng'ombe wake, ana shamba. Mimi nikiharibiwa leo nimekwisha. Serikali imenisomesha. Nimeanzia seminari, nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, nikakaa miaka mitatu chuo kikuu. Wilaya nzima mwenye shahada ya mifugo ni mimi peke yangu. Ukipiga hesabu ya nchi, sio ya familia, ya nchi, nani ni hasara kubwa?"

Alikuwa ameiandaa hiyo. Niliisikia jinsi ilivyopangwa. Nadhani aliipanga njiani, kuanzia Igawa mpaka Makambako.

"Maliza chai," nikasema. "Halafu unipeleke kazini."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nikiingoja, nikiwa nafunika sukari na kuzima mkaa, lakini haikuja. Mikono ilifanya kazi yake tu. Nikaifunga chupa kwenye kitenge, nikaichukua.

Nilipanda Land Rover yake. Kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini ni kirefu, na sikuona sababu ya kukipanda kwa miguu eti kwa sababu nimekosana na dereva. Joachim aliendesha vizuri. Hilo alijifunza jeshini, kwa kuendesha.

"Masunga amesema nini?" nilimuuliza kwenye kona ya kwanza. Masunga ndiye mwenye ng'ombe wale. Ni Msukuma, alihamia Usangu na ndugu zake mwaka wa sabini na mbili.

"Hakusema kitu."

"Mtu amefiwa na ng'ombe ishirini na watatu hakusema kitu?"

"Alikaa chini. Alikaa chini pale pale kwenye tope, akaangalia. Watu wakamwinua."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naandika namba za masikioni mwa ng'ombe."

Basi tukafika ofisini.

Maabara yetu ni vyumba vitatu na bati. Yotamu, anayetunza vyombo, alikuwa ameshawasha jiko la mafuta na kupanga chupa juani. Alipomwona Joachim akafurahi, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kamwene, Mama Kalinga. Ee, na msomi wetu huyu! Umekuja kutukagua au kututembelea?"

"Kutembelea," Joachim alisema.

"Basi usiguse kitu. Wasomi wakigusa vitu hapa, mimi ndiye naosha."

Joachim alijaribu kucheka. Nikamwambia Yotamu aniletee vyombo vya josho, na atuache.

Kupima dawa ile si kazi ya ajabu. Unachukua maji kidogo ya josho, unayachemsha na dawa nyingine, unapoza, unachuja. Halafu unadondosha dawa ya kupimia kutoka kwenye mrija wa kioo wenye mistari, tone baada ya tone, huku unatikisa, mpaka rangi igeuke kahawia nyekundu na isirudi. Unasoma mstari ulipofika. Inachukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ni kusubiri. Unahitaji jicho na subira. Kipimo kinachotakiwa ni robo ya asilimia. Ikipungua sana kupe hawafi. Ikizidi sana wanakufa ng'ombe.

Wakati inachemka Joachim alisimama nyuma yangu akataja kanuni yote ya kemia ya dawa ile, kila herufi na kila namba ndogo ya chini, bila kuangalia popote. Mimi kanuni ile nimeibandika ukutani kwa sababu huwa naisahau.

"Vizuri," nikasema. "Ya pili utapima wewe."

Kila maji tunayapima mara mbili. Nilipomaliza ya kwanza sikumwambia nimepata nini. Nikaosha mrija, nikaujaza, nikampa. Aliushika kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa jirani. Alifungua koki, dawa ikamwagika yote kwa mkupuo, na ndani ya kikombe kukawa kahawia moja kwa moja.

"Koki yenu imelegea," alisema.

"Haijalegea. Chuoni mlikuwa mnapima vipi?"

"Tulikuwa thelathini. Mitambo iliyofanya kazi ilikuwa miwili. Mmoja anapima, wengine tunaandika."

"Wewe ulipima mara ngapi?"

"Mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri," alisema. "Kwa hiyo niliandika."

Alilisema hilo bila haya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni jambo la kuonea haya. Mitihani alishinda. Barua ya kupangiwa kazi ilimfika kabla ya picha za mahafali. Hakuna aliyemwita akamuuliza lolote. Walihitaji mtu mwenye shahada, naye alikuwa nayo, wakampa wilaya. Mimi mwenyewe nilipika siku ile. Nilichinja mbuzi, nikaalika jumuiya nzima, na padri akabariki ile karatasi kana kwamba ni mtoto.

Nikarudia kipimo cha pili kwa mkono wangu. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimetoa sifuri nukta mbili nne. Cha pili kikatoa sifuri nukta mbili nne.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma mstari. Akasoma tena, kwa kuinama zaidi.

"Ni sawa kabisa," alisema polepole.

"Ni sawa kabisa. Kashindye amechanganya kama kitabu. Sasa kaa."

Alikaa juu ya sanduku la chupa. Nilivuta kiti changu nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana, kama nilivyokuwa nikikaa nikimsikiliza akisoma alipokuwa darasa la kwanza.

"Ng'ombe wa Masunga walikunywa maji saa ngapi siku hiyo?"

Akabandua kibanzi kwenye sanduku alilokalia.

"Joachim. Walikunywa saa ngapi?"

"Walitakiwa wakanywe baadaye."

"Baada ya nini?"

"Baada ya josho."

Kuna mambo ambayo mtu wa mifugo hasomi popote, kwa sababu kila mtu aliyekaa na ng'ombe anayajua. Ng'ombe mwenye kiu humwingizi kwenye josho. Atainywa dawa. Unamnywesha kwanza, unampumzisha kivulini, pumzi ikitulia ndipo unampeleka. Hata mtoto wa miaka saba wa kule Usangu anajua hilo. Atakushangaa ukimuuliza.

Alinieleza yote, akiwa anaangalia sakafu. Josho lile liko upande huu wa mto. Kashindye alikuwa na desturi yake: ng'ombe wakitoka mbali anawapitisha pembeni ya josho bila kuwaingiza, anawashusha mpaka mtoni, wanakunywa, wanalala chini ya migunga mpaka jua lipungue, halafu anawarudisha. Inakula saa mbili na zaidi. Joachim aliliona hilo mwezi wa kwanza wa kazi yake akaliita upotevu wa muda. Akarudi Mbeya, kwenye chumba chake cha mtaa wa Soweto, akachukua rula na penseli za rangi, akachora ratiba. Kila kundi na saa yake. Ng'ombe watoke malishoni, waingie josho, ndipo waende mtoni, kwa mstari mmoja, bila kurudi nyuma. Wakubwa waliipenda. Mwenyekiti wa kijiji akaigonga muhuri. Kundi la Masunga, ambalo ndilo linatoka mbali kuliko yote, lilipangiwa saa nane mchana, Jumanne ile, siku ya kwanza ya ratiba.

"Kashindye hakusema kitu?" niliuliza.

"Alisema."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Bwana Mifugo, hawa wana kiu.'"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ratiba inasema saa nane."

"Na Masunga?"

"Masunga alivua kofia tu. Wale ni wageni, mama. Wamepewa malisho juzi juzi, wanaogopa kubishana na afisa. Wakibishana wataambiwa warudi kwao." Alikuwa anajua hilo pia. "Mdogo wake, Budeba, ndiye aliyetaka kuwageuza wapite chini kwenda mtoni. Nikamwambia akiharibu foleni nitamwandika."

"Endelea."

"Ng'ombe wa kwanza aliruka akazama kama kawaida. Akatoa kichwa. Anatakiwa aogelee atoke, unajua. Hakuogelea. Alipofika pale miguu inapogusa, alisimama akanywa. Nikawaambia wampige. Wa pili akaja akasimama nyuma yake, naye akanywa. Wakajaa mle ndani, wote wamesimama, wanakunywa." Alijifuta mdomo. "Walikuwa wanakunywa kama wako mtoni."

Nje Yotamu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani na kugonganisha chupa. Niliona mishale ya saa ya ukutani. Saa tano kasoro robo. Nilifikiri: nyama ya Jumapili sijanunua. Ndicho nilichofikiri. Sitajisingizia mawazo mazuri zaidi ya hayo.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Kujua nini?"

"Kwamba ni kiu, sio dawa kuzidi."

"Mkewe Masunga, yule Ng'washi, alikuja na kisu," alisema. "Wanaume wote walikuwa wamesimama tu. Yeye akampasua mmoja tumbo bila kumwomba mtu ruhusa. Yakamwagika maji meupe. Yananuka tapentaini. Akachota kwa kiganja, akanionyesha. Alinionyesha tu mkono wake, halafu akaenda kuunawa."

"Siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo. Jumanne."

"Na Jumatano wakamchukua Kashindye."

"Sikuwaita mimi!"

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Alijifunga kifungo cha koti. Niliinuka nikaenda kuosha kikombe kile cha kahawia alichokiharibu. Rangi ilikuwa imeshika. Nilikisugua kwa mchanga mpaka kikawa safi, halafu nikakisugua tena.

"Chuo kikuu hawakuwaambia?" nilisema nikiwa nimempa mgongo. "Kunywesha kwanza. Miaka mitatu, hakuna hata mwalimu mmoja aliyelitamka?"

"Hakuna. Nimetafuta kwenye madaftari yangu yote. Nimekesha nikitafuta. Nina kurasa kumi na nne za josho, mama. Vipimo, michoro, gharama, historia ya majosho tangu wakati wa Mjerumani. Hilo halimo." Sauti yake ilikuwa imepoteza ule mpangilio wa asubuhi. "Shamba la chuo lilikuwa na josho. Tulipelekwa mara mbili. Kulikuwa na mzee mmoja analeta ng'ombe. Walikuja wametulia, wanaingia, wanatoka. Sisi tulisimama upande wa kutokea na karatasi tunahesabu. Nadhani yule mzee alikuwa anawanywesha kabla hatujaamka. Hatukumwuliza. Hakuwa mwalimu."

Ningeweza kusema mengi juu ya chuo hicho. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na nilikuwa nalijua tangu jikoni. Kaka yangu Bartolomeo ana ng'ombe Pawaga. Kila likizo alikuwa anakuja kunisihi: nipe huyu kijana mwezi mmoja tu, achunge, apate akili ya porini. Kila likizo nilikataa. Nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja na diploma moja. Nilikuwa nimeona wenye shahada wanavyofika ofisini na kukalia viti vya watu walionifundisha kazi. Nilimwambia Bartolomeo kwamba mwanangu hatachunga. Nikamnunulia Joachim taa ya kandili ya kwake mwenyewe ili asome. Kazi yote inayohusu ng'ombe na mavi yake niliifanya mimi, na nilijivunia kwamba mikono yake ni laini.

"Nakupa neno la ukweli," nikamwambia. "Hilo kosa nusu ni langu. Ila Kashindye hana hata robo."

Akainua kichwa. Nadhani aliona mlango wa kutokea, kwa sababu alisimama na uso wake ukabadilika, ukawa tena uso wa mtu anayepanga.

"Basi andika namba," alisema. "Andika sifuri nukta mbili nne. Ndiyo kweli, mama. Sikuombi tena ubadilishe. Weka namba na sahihi, basi. Kazi yako ni namba."

"Halafu itakuwaje?"

"Wataona dawa haikuzidi."

"Wataona dawa haikuzidi, watauliza kilichoua ng'ombe ni nini. Mtu mzima yeyote pale Mbeya atajua ni kiu. Watafungua kanuni za josho. Kanuni inasema nani ananywesha ng'ombe?"

Akajidai anasoma mstari wa mrija.

"Naijua," nikasema. "Inasema mhudumu wa josho atahakikisha ng'ombe wamekunywa. Mhudumu. Kwa hiyo namba yangu itamtoa Kashindye kwenye kosa moja na kumtia kwenye lingine, na wewe hutakuwemo popote."

"Mimi sikuitunga kanuni."

"Hapana. Wewe ulitunga ratiba. Iko wapi?"

"Nini?"

"Ratiba. Ile yenye rangi."

"Ya nini sasa?"

"Joachim, usinichoshe. Iko kwenye gari?"

Alisita, kisha akaingiza mkono ndani ya koti. Alikuwa nayo mwilini. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Nikaikunjua juu ya meza. Kazi nzuri, sitasema vinginevyo. Mistari imenyooka. Kijani malishoni, nyekundu josho, bluu mtoni, na bluu imekuja mwisho. Chini kulikuwa na muhuri wa kijiji na sahihi yake, kubwa, yenye mkia.

"Ukipeleka hiyo," alisema, "watanifukuza kazi. Labda watanishtaki. Na hawatanipa nyingine. Nani atampa kazi mtu aliyeua ng'ombe ishirini na watatu? Sijui kitu kingine, mama. Sina kitu kingine ninachokijua."

"Hata hiki hukijui."

Nililitamka neno hilo kama ninavyotamka mengine yote. Lilimpiga, niliona. Mtu mwingine angekwenda kumshika bega. Nilijitazama nikiwa nimesimama pale, mikono imelowa, na sikwenda. Sijui kwa nini. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, ila huupati.

"Unaweza kupiga simu mwenyewe," nikamwambia. "Simu hiyo hapo. Ukisema wewe itakuwa bora kuliko nikisema mimi. Watakuona mtu."

Akaiangalia simu. Nilimpa muda. Nilimpa muda wa kutosha, niliangalia saa: dakika nne nzima. Yotamu alimaliza wimbo wake akaanza mwingine. Joachim alinyoosha mkono ukafika ukingoni mwa meza, akaurudisha, akauweka mfukoni pamoja na kalamu zake.

"Siwezi," alisema.

"Haya."

Nikachukua fomu ya matokeo. Nikaandika jina la josho, tarehe, namba. Chini kabisa fomu ina mistari miwili iliyoandikwa Maoni ya Mpimaji. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiandika pale neno moja, hakuna. Safari hii nikajaza mistari yote miwili, na herufi zikanibana, nikamalizia pembeni. Nikaweka sahihi. Nikamwita Yotamu, nikampa fomu na ile ratiba pamoja, nikamwambia avitie kwenye bahasha moja, aifunge kwa lakiri na aipeleke basi la saa sita la Mbeya, ampe dereva mkononi.

Yotamu alitazama rangi za ratiba, akatazama sahihi, akamtazama Joachim. Hakutania tena. Akaondoka.

Lakini basi linaweza kuharibika Mlima Nyoka, na kikao ni Jumatatu, na mtu yuko mahabusu. Nikainua simu nikaomba opereta anipe Mbeya, ofisi ya mifugo ya mkoa. Nilisubiri. Joachim alikuwa bado amesimama katikati ya chumba. Hakuondoka, na hakunizuia. Hilo nalo naliandika, kwa haki yake.

Aliyepokea ni Lusia, karani. Tumekuwa tukiongea kwa simu miaka mingi.

"Mama Kalinga! Nilijua ni wewe. Tunangoja majibu ya hiyo chupa kama mvua. Nipe namba."

"Sifuri nukta mbili nne. Mara mbili."

"Sifuri nukta... Ee? Mbona iko sawa?"

"Iko sawa. Dawa haina kosa, na aliyeichanganya hana kosa. Kuna maoni. Una karatasi?"

"Wewe huwa huna maoni."

"Leo ninayo. Andika. Ng'ombe waliingizwa josho na kiu, wakanywa dawa. Mhudumu, Kashindye, alisema kwamba wana kiu. Aliamriwa aendelee kwa ratiba. Ratiba inakuja na basi la leo."

Nilisikia kalamu yake inakwaruza.

"Aliamriwa na nani?"

"Msimamizi wa majosho."

"Jina linatakiwa, mama. Mkuu atarudisha ikiwa haina jina."

"Joachim Kalinga."

Kalamu ikasimama. Laini ikavuma.

"Mama Kalinga," Lusia alisema kwa sauti ya chini, "huyo si ndiye..."

"Ndiye. Andika, Lusia, dakika zinakwisha."

Akaandika.

"Sasa nisomee yote," nikamwambia. Akanisomea kuanzia mwanzo, namba, maoni na jina. Hakukosea neno. Nikamwambia ampelekee mkuu sasa hivi, kabla hajafunga ofisi, nikaweka simu chini.